Ganzi ya shingoni na kupooza kwa kiwambo

SWALI: Daktari, baba yangu, mwenye umri wa miaka 64, alivuta sigara kwa muda mrefu na sasa huishiwa pumzi akipanda ngazi. Anatarajiwa kufanyiwa upasuaji wa bega la kulia, na tumeelezwa kuwa atadungwa sindano ya ganzi shingoni. Jirani ametutahadharisha kwamba sindano hiyo hupoozesha msuli wa kupumulia. Je, ni kweli, na kuna kinga?

JIBU: Jirani yenu hakukosea. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huongozwa na neva mbili, moja kila upande, zinazoanzia shingoni. Neva hiyo hupita karibu sana na mahali inapodungwa ganzi ya bega, kwa hiyo dawa ikifika mililita 20 au zaidi, karibu kila mgonjwa hupooza nusu ya kiwambo upande huo. Mwenye mapafu mazima huenda asihisi lolote, na kwa kawaida hali hiyo hutoweka pamoja na ganzi. Lakini kwa baba yako, ambaye pumzi zake ni za kubahatisha, nusu iliyobaki huenda isimtoshe.

Kinga ipo, ila kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa mtaalamu wa usingizi, naye hawezi kukinga asichoambiwa. Mwelezeni mapema habari za sigara na kuishiwa pumzi. Anaweza kupunguza dawa huku akiongozwa na altrasaundi, kuidunga mbali zaidi na neva hiyo, au kuiacha kabisa ganzi ya shingoni. Mwelezeni pia iwapo baba aliwahi kupasuliwa moyo, kifua au shingo, jambo ambalo familia nyingi hulisahau kwa sababu kidonda kilipona zamani: ikiwa neva ya kushoto iliumia wakati huo, ganzi ya kulia itapoozesha upande pekee uliokuwa ukifanya kazi. Altrasaundi ya kiwambo hulibaini hilo kabla ya sindano. Mazoezi ya kupumua yana faida zake, ingawa hayazuii dawa kuifikia neva.

Baada ya upasuaji alazwe akiwa ameinuliwa kifua, kwa maana akilala chali tumbo husukuma kiwambo juu. Akihema kwa shida, muuguzi aitwe mara moja. Na ganzi ikiisha huku pumzi zikiendelea kumpaa, achunguzwe upya, kwa sababu mara chache neva yenyewe huwa imejeruhiwa.