Re: Nimefiwa na mama, kazi imeisha, kusali nashindwa kabisa

Pole sana dada. Umesema tangu msiba wa mama na kupunguzwa kazini ukipiga magoti hakuna neno linatoka, na watu kanisani wanakwambia imani yako ndogo. Hao wasikuumize kichwa, hata nabii Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akalala tena, ndo baadae safari ikaendelea. Kwa hiyo we anza na kula na kulala.

Maneno ya sala yakigoma azima ya wengine. Mi nilikuwa nasoma Zaburi ya 88 kwa sauti, ile haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani kabisa, lakini aliyeiandika bado anaongea na Mungu. Siku nyingine Baba Yetu tu inatosha. Ibada ndefu zikikuchosha kaa nyuma, au mwambie mama mmoja wa jumuiya unayemwamini aje msali nyumbani, yeye ndo aongee.

Ila kuwa makini na hao wanaotaka sadaka ya kufungua kifungo, hela yenyewe huna.

Na lingine, hapo uliposema bora ungemfuata mama, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu leo hii, usilale peke yako, na nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie daktari wa afya ya akili. Ukipewa dawa meza, mtu asikuambie uache eti umeombewa.