Adapta haipunguzi stima

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Dadangu aliyeko Marekani amenitumia mashine ya kukandia unga, na mimi napika mahamri ya kuuza hapa Kisauni. Chini imeandikwa 120V, 60Hz, 325W. Fundi wa mtaani asema adapta yatosha, na kama naogopa atanitilia dayodi kwenye waya. Nimsikize?

JIBU: Waaleikum salaam. Usimsikize, na mashine usiichomeke bado.

Adapta inabadilisha meno ya plagi, basi. Stima yetu ni volti 240, na ikishapita kwenye adapta inatoka 240 vilevile. Ukibadilisha mdomo wa mpira wa maji, presha ya bomba haijashuka. Kinachowapoteza watu ni simu: wamechomeka chaja ya Marekani kwa adapta na haikuungua, wakaipa adapta sifa isiyo yake. Chaja hiyo imeandikwa 100-240V, inajirekebisha yenyewe. Yako haikuandikwa hivyo.

Wengine hujituliza na fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi. Fyuzi inahesabu ampia, haisomi volti. Mashine yako kwa kawaida yala kama ampia 2.7. Hata ikila mara mbili yake, fyuzi imetulia na mota inaungua. Na ile gadi ya friji, inayokata stima ikizidi au ikipungua? Kwake yeye 240 ni stima nzuri kabisa, aikatie nini?

Sasa dayodi. Hii ndiyo inayonipandisha presha, kwa sababu anayeitia huitwa mjanja. Dayodi ni kijipande kinachopitisha stima upande mmoja tu. Stima yetu huja kwa mawimbi ya kwenda na kurudi, nayo inakata nusu ya kila wimbi, kwa hiyo wanasema "volti imekuwa nusu". Haikuwa. Kilele cha wimbi kinabaki kama volti 340, wakati kifaa cha 120 kimezoea kilele cha 170. Ukipima nguvu ya umeme inayofika kwenye kifaa, unapata sawa na volti 170 hivi, si 120, na pasi au jiko la wali hapo linakula umeme mara mbili ya lilivyopangiwa. Vifaa vyenye saketi ndiyo kabisa: kapasita zake (vile vikopo vidogo vya kuweka umeme) nyingi ni za volti 200, zinafura kichwa na kupasuka. Nimeshafungua jiko la wali lililotiwa dayodi, limefunikwa vizuri kwa selotepu nyeusi. Waya wa ndani ulikuwa umekauka, ukiugusa unameguka kama kaukau. Mwenyewe alikuwa akiliacha linapika huku watoto wamelala.

Wewe unahitaji transfoma ya kushusha volti, 240 kwenda 110 au 120. Usinunue ya wati 325 kamili, kwa sababu unga mzito unaikaza mota. Chukua 750, na kama unakanda kilo nyingi mfululizo, 1000. Bahati yako, mashine nyingi za aina hii zina mota ya brashi (yenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani), na mota hiyo haijali hezi, yaani idadi ya mawimbi ya stima kwa sekunde: 50 ya kwetu au 60 ya Marekani.

Si kila kitu kina bahati hiyo. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Maikrowevu ya Marekani ina transfoma yake nzito iliyopimwa kwa hezi 60. Kwa 50 inachemka hata volti zikiwa sawa. Friji na feni nazo mota zake huzunguka polepole na kupata joto. Hizo msilete, nauli ya kontena ni hasara juu ya hasara. Vitu vya Dubai havina shida, lakini cha Japani ni volti 100, na vitu vya zamani kutoka Saudia, vile dada zetu wanavyorudi navyo, vingine ni 127. Soma kibandiko cha kitu chenyewe, usiulize kimetoka nchi gani.

Dukani, inyanyue transfoma kwa mkono. Ya wati 750 ya kweli ina chuma na shaba, inakuvuta bega. Ukipewa kidude chepesi cha kutia mfukoni kilichoandikwa wati 1600, kirudishe: vile ni vya vitu vya joto tu, vya dakika chache, na ndani yake ni binamu ya ile dayodi. Nyumbani iweke juu ya meza, si sakafuni unapopiga deki, na ukimaliza kukanda ichomoe, maana yala stima hata ikiwa bure.