Kiinua mgongo changu kilikuwa boksi la filamu

Jumamosi iliyopita, saa tano usiku, nilikuwa nimesimama gizani bafuni kwangu Magomeni, vidole ndani ya trei, nikihesabu sekunde kwa sauti. Nilipomaliza kuikazia negativu, yaani ile filamu ambayo weupe huonekana weusi na weusi weupe, kwa dawa ya kuizuia isiharibiwe na mwanga, nikawasha taa, nikainyanyua, maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa ametokea mzimamzima, futikamba shingoni, na namba za kwenye futikamba zinasomeka: 34, 35, 36. Filamu ile ni Polaroid Type 55, ya zile zinazotoa picha papo hapo. Boksi lake linasema mwisho wa kutumika ni mwaka 2005.

Nilipoionyesha ile picha, dada mmoja wa Mwanza akaniandikia kwamba marehemu baba yake ameacha boksi kama hilo, na kaka zake wanataka litupwe. Dada yangu, usikubali. Soma kwanza yaliyonikuta.

Studio niliyoitumikia miaka saba ilifungwa mwaka 2011. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu. Siku ya mwisho bosi aliniita ofisini, akafungua kabati, akanikabidhi boksi moja la filamu, vipande 20. "Chukua, kijana. Hii ni mali." Alijua, na mimi nilijua, kwamba muda wake ulishapita miaka sita nyuma, na kwamba Polaroid walishatangaza mwaka 2008 kuwa wanaacha kutengeneza filamu. Wenzangu wawili walikuwa mlangoni, wakacheka. Nilipanda daladala na lile boksi mapajani, nikifikiria kodi ya nyumba. Hata leo nikiandika haya kifua kinanibana.

Kwa hasira ningelitupa jalalani. Mama ndiye aliyesema, weka kwenye friji, kitu hakiozi huko. Likakaa chini ya mafungu ya samaki kwa miaka mingi.

Sasa elewa filamu hii ilivyo. Ni kipande cha inchi 4 kwa 5 ndani ya bahasha, na ndani mna vitu vitatu: negativu, karatasi ya picha, na kifuko kidogo cha dawa nzito kama uji. Ukishapiga, unavuta bahasha kati ya rola mbili za kishikio cha filamu, kifuko kinapasuka, dawa inatandazwa, na baada ya sekunde 20 hivi unabandua: picha huku, negativu kule. Negativu yake ni kali kweli. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa mandhari wa Marekani, aliitumia filamu hiihii mwaka 1968 alipoupiga mwamba wa El Capitan wa huko kwao alfajiri ya kipupwe, naye hakuwa mtu wa kuridhika na kitu hafifu.

Kinachokufa kwanza ni kile kifuko. Dawa inakauka. Vipande vyangu viwili vya mwanzo nilivipitisha kwenye rola kama zamani, vikatoa mabaka tu, kama ukuta uliolowa mvua. Hapo ndipo nilipokata tamaa, nikajiambia bosi alikuwa ananicheka tangu siku ile.

Mwezi mzima ulipita kabla halijanijia jambo ambalo mtu wa studio kama mimi nilipaswa kulifikiria siku ya kwanza: negativu ile imepakwa chumvi za fedha, kama filamu nyingine yoyote ya rangi nyeusi na nyeupe. Kama dawa ya kwenye kifuko imekufa, si nimpe dawa nyingine?

Nikachanganya D-76 ile ya vitabuni, dawa ya kusafishia filamu ili picha itokee: metoli gramu 2, haidrokwinoni gramu 5, salfaiti ya sodiamu gramu 100, boraksi gramu 2, maji yafike lita moja. Nikapiga picha, nikarudisha bahasha, mkono wa kile kishikio cha filamu nikauacha kwenye L (kupakia) badala ya P (kusafisha) ili rola zisiminye kifuko. Nikaingia gizani, nikapapasa ule mwisho wenye kibati, nikakibandua, nikaichomoa negativu.

Ya kwanza niliichomoa chini ya taa nyekundu, kwa mazoea ya karatasi za picha, ambazo taa hiyo haiziharibu. Ikatoka nyeusi tii. Filamu hii inaona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Kwa hiyo giza ni giza, hata saa ya mkononi inayong'aa ivue.

Tatu zilizofuata ziliharibiwa na joto. Maji ya tangi letu Machi yalikuwa nyuzi 29. Ngozi ya negativu ilivimba, ikakunjamana pembeni kama maziwa yaliyoganda juu, nikaigusa kwa ukucha ikachubuka. Tangu hapo kuna jirani yangu anayeuza barafu, na ndiye mshirika wangu mkubwa. Natumbukiza chupa ya maji iliyoganda katikati ya beseni, trei zinaelea pembeni, nangoja kipimajoto kishuke hadi 20. Dawa zote, na maji ya kuoshea pia, ziwe na joto moja. Vaa glavu, maana ule uji wa kifuko hata ukikauka unaunguza ngozi.

Muda wa kukaa kwenye D-76? Dakika sita zilinipa negativu nyepesi, tisa zikanipa fundi cherehani. Kwako inaweza kuwa tofauti, filamu ilitunzwa wapi ndilo jambo. Mpe mwanga mwingi zaidi unapopiga; boksi linasema ASA 50 (kipimo cha wepesi wa filamu kuona mwanga, namba ikiwa ndogo inahitaji mwanga zaidi), mimi naihesabu 20. Jaribu kipande kimoja kwanza. Kimoja tu, nakusihi, usiwe na pupa kama mimi.

Vijana mnaonisoma, mnaolipwa ahadi na kuambiwa "utapata jina", nisikilizeni. Dai hela yako, andikishaneni, usione haya. Lakini ukishapewa kitu ambacho aliyekupa anakiona takataka, kikague wewe mwenyewe kwa mikono yako kabla hujakubaliana naye. Nilikubaliana na bosi wangu kwa miaka mingi mno. Boksi lilikuwa kwenye friji, chini ya samaki, na mimi nikapiga harusi kwa bei ya kutupa nikiamini sina kitu.

Dada wa Mwanza, kama la baba yako halikukaa kwenye baridi, tegemea ukungu wa kijivu kwenye negativu. Usiogope, sura itakuwemo.

Kwangu vimebaki vipande vinne. Kimoja nimekitenga kwa ajili ya bosi, akae kwenye kiti, nimpige uso kwa uso, nimkabidhi picha yake. Nimempigia simu mara mbili wiki hii. Hajapokea bado.