Kabla hujanunua tremolo mpya, tafuta penseli

Chalii mmoja anayepiga solo kwenye kwaya yetu hapa Sakina, Arusha, alinifuata baada ya ibada. "Kaka, nikifunga tremolo ya bei kubwa, gitaa langu litalia kama ya studio?" Tremolo ni ule mtambo wenye mkono, unaoubonyeza noti ishuke na kupanda. Nikamwambia tukae kwanza, maana hilo swali lilishanila pesa.

Gitaa langu ni la bei ya chini, umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la Fender. Ukifungua kifuniko cha nyuma unaona springi tatu zimeshika kipande cha metali ambacho nyuzi zinapita ndani yake. Hiyo ndiyo bloku, sehemu ya tremolo iliyojificha ndani ya mwili. Yangu ilikuwa ya aloi ya zinki, nyembamba. Nilishasikia kwamba bloku nene ya chuma inaifanya noti idumu, nikaamini. Nikaenda Unga Limited kwa fundi wa kukereza vyuma, aliyezoea bushi za malori. Akaigeuzageuza: "Hii ni ya mashine gani?" Nikamwambia ya muziki. Alicheka, lakini matundu sita yalimtoa jasho. Kufika nyumbani, bloku inachungulia nje kwa nyuma ya gitaa. Nilipima urefu wake, nikasahau kupima kina cha mwili. Nikarudi ikapunguzwe.

Bila kuchomeka umeme, tofauti ipo. Noti ilikuwa safi zaidi na ilichelewa kufa. Lakini ngoma na kinanda vilipoingia, sikuisikia tena. Nilikuwa nimejirekodi kwa simu kabla ya kubadilisha, ampu ile ile, wimbo ule ule. Nikamchezea mpiga besi wetu rekodi zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua ya zamani, tena bila kusita.

Na niseme ukweli: siku ya kufunga bloku niliweka na nyuzi mpya. Nyuzi mpya peke yake hung'arisha sauti, kwa hiyo huenda hata ule usafi haukuwa wa chuma.

Kero yangu halisi ilikuwa tyuni. (Bwana Leo Fender, mwenye Stratocaster, ndiye aliyeuita mtambo huu tremolo mwaka 1954, ingawa kinachopanda na kushuka ni noti, si ukubwa wa sauti.) Kila nikibonyeza mkono wa tremolo, uzi wa tatu haurudi mahali pake. Ukisikia "tik" unapokaza uzi, ujue unakwama kwenye nati, kile kipande cheupe mwanzoni mwa shingo. Nilisugua penseli ya 2B kwenye mifereji yake ili uzi uteleze, kisha nikalegeza kidogo skrubu sita za mbele zinazoshika bamba la tremolo, zilizokuwa zimekazwa mpaka mwisho, bamba likapata nafasi ya kucheza. Gitaa likatulia.

Nunua tremolo kama ya kwako imechakaa: mkono unalegea, kingo za bamba zimelika, skrubu zimeota kutu. Hapo pima kwanza nafasi kati ya skrubu ya kwanza na ya sita. Za zamani ni kama milimita 56, nyingi za kisasa ni 52.5, na hazibadilishani bila kutoboa mbao upya. Kama unatafuta sauti, pesa hiyo ipeleke kwenye pikapu (zile sumaku chini ya nyuzi zinazodaka sauti) au spika.

Nikamwomba chalii anionyeshe gitaa lake. Nyuzi zilikuwa na kutu mpaka vidole vyangu vikabaki vyeusi.

"Uliweka lini?"

"Krismasi, kaka." Akanyamaza kidogo. "Siyo hii iliyopita."