Nafsi haiuawi: jibu kwa aliyeuliza aongeze ibada gani

Mleta mada, assalaam alaykum. Umesema tangu Ramadhani iishe unalala masaa matatu kwa usiku, unafunga kila Jumatatu na Alhamisi, umeacha nyama na sukari, na bado nafsi "haijafa". Ukaongeza kwamba siku hizi unamkaripia mkeo kwa jambo dogo, na ukimkosa jirani msikitini alfajiri moyo unajaa dharau. Unauliza uongeze nini.

Usiongeze. Punguza. Na hiyo dharau ndiyo ianze kutibiwa, kabla ya sukari.

Tatizo limeanzia kwenye lengo lenyewe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelisema hili waziwazi katika kitabu chake Ihyaa, kwenye sehemu ya kuizoeza nafsi: wako waliodhani kusudi la mazoezi haya ni kung'oa hasira na matamanio mpaka mzizi, naye anasema wamekosea. Hamu ya chakula ikikatika, mtu atakufa. Hamu ya tendo la ndoa ikikatika, kizazi kitakoma. Hasira ikikatika, mtu hatajikinga na kinachomwangamiza. Ushahidi anautoa kwenye Aali Imran, aya ya 134, ambako wamesifiwa wanaoizuia ghadhabu yao. Huwezi kuzuia usichokuwa nacho. Kinachotakiwa ni nguvu hizo zirudi katikati, zitii akili na sheria.

Tena angalia Qur'ani inavyoitaja nafsi: katika Yusuf 53 inaamrisha maovu, katika Al-Qiyama 2 inajilaumu, katika Al-Fajr 27 imetua. Ni nafsi ile ile katika hali tatu, na mtu anaweza kupita zote tatu kati ya alfajiri na isha. Na hiyo iliyotua inaitwa, inaambiwa irudi kwa Mola wake ikiwa radhi. Ingekuwa ni ya kuuawa, angebaki nani wa kuitwa?

Sasa, jambo ambalo wengi wanaojiendesha bila mwalimu hulikosa ni kutenganisha haki za nafsi na matakwa ya nafsi. Usingizi wa kutosha, chakula cha kukupa nguvu, kukaa na ahali zako, kupumzika: hizo ni haki, na kuzinyima ni dhulma. Kusifiwa, kushinda kila mjadala, kula baada ya shibe, kuonekana mcha Mungu: hayo ni matakwa. Wewe umezishika haki ukazibana, matakwa ukayaacha yanatembea. Ndiyo maana una njaa, una usingizi, na una kiburi kwa wakati mmoja.

Kisa cha masahaba Salman na Abu Dardaa, kilichomo katika hadithi za Bukhari, kimekuja kwa ajili ya hali kama yako. Salman alikwenda kumtembelea nduguye akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa hovyo, akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Abu Dardaa akamwandalia mgeni chakula, lakini mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka naye ale, akala. Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ilipofika mwisho wa usiku akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akasema Salman kasema kweli. Ona kwamba Salman alijua mambo yameharibika kwa kumtazama mke. Na wewe mwenyewe umeandika habari za mkeo kwenye swali lako.

Yuko pia sahaba Abdullah bin Amr bin Al-Aas, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume alimshusha mpaka siku tatu kwa mwezi. Yeye akaomba zaidi na zaidi, mpaka akaishia saumu ya Nabii Dawud, siku moja kufunga na siku moja kula. Alipozeeka akawa anatamani laiti angelipokea ile nafuu ya mwanzo. Mzigo uliochukuliwa katika moto wa ujana haubebeki uzeeni.

Basi ufanye nini? Ghazali ana mfano mzuri, nami sijaona unaofaa kuliko huo: ichukulie nafsi kama mshirika wako wa biashara. Umemkabidhi mtaji, asubuhi mnaandikiana masharti, mchana unamwangalia, jioni mnapiga hesabu. Mfanyabiashara hamuui mshirika wake, maana duka litafungwa. Wala hamwachii daftari akaenda kulala.

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri na kabla hujashika simu, kaa dakika tano uweke sharti. Wanazuoni wanataja viungo saba: jicho, sikio, ulimi, tumbo, utupu, mkono na mguu. Usivibebe vyote. Chukua kimoja kinachokutia hasara zaidi, kwako ni ulimi, ukae nacho mwezi mzima. Na sharti liwe la kuhesabika. "Leo nitakuwa na subira" jioni halina jibu. "Leo sitapandisha sauti nyumbani kati ya magharibi na kulala" lina jibu la ndiyo au hapana.

Mchana kuna maswali matatu kabla ya tendo: kwa nini, vipi, na kwa ajili ya nani. Haiwezekani kuyauliza kwa kila tendo, na anayejaribu huishia kwenye wasiwasi. Yaulize mahali pawili tu: unapotaka kumkosoa mtu, na mtu anapokusifu. Chukua huyo jirani. Unataka kumnasihi kuhusu alfajiri, sawa. Jiulize: je, angenasihiwa na mtu mwingine, akasikia, akaanza kuja, nawe hukutajwa popote, ungefurahi sawasawa? Ukiona moyo umenywea, basi nasaha ile ilikuwa na fungu la nafsi ndani yake. Hapo ngoja, mwombee dua kwa siri, mfanyie hisani isiyohusu dini hata kidogo, kisha rudi kwenye nasaha moyo ukishalainika.

Hasira ikipanda ghafla hakuna muda wa maswali. Tumia aliyofundisha Mtume katika hadithi ya Abu Daud: uliyesimama kaa, na isipoondoka lala ubavu. Linafanya kazi kwa sababu mwili unanyimwa mkao wa vita.

Jioni ndiyo kazi yenyewe, na ndipo wengi huharibu. Baada ya isha, chukua daftari la karatasi, dakika kumi zisizidi. Faradhi ni mtaji, sunna ni faida, maasi ni hasara. Fuata mpangilio huo huo. Kosa ninaloliona sana kwenye darsa ni mtu kuanza na faida: anahesabu rakaa za usiku na nyuradi (dhikiri za kila siku), ilhali mtaji unavuja, hajamlipa kibarua wake na mama yake hajapigiwa simu wiki mbili. Hakuna duka linaloendeshwa hivyo. Kisha andika mstari mmoja juu ya sharti la asubuhi, ndiyo au hapana, na kama ni hapana andika saa na kilichotangulia. Baada ya wiki mbili utaona mpangilio: mara nyingi ukali huja ukiwa na njaa, au usingizi, au umetoka kubishana mtandaoni. Ukishajua kinachotangulia, umepata pa kushika.

Kumbuka pia kwamba hasara inayogusa mja mwenzako ni deni. Ukimkaripia mkeo, istighfari peke yake haifuti; mwombe radhi usiku ule ule, kwa maneno mafupi, bila kueleza sababu. Maelezo ndiyo mlango nafsi inakopitia kujitetea.

Zile dakika kumi nimezitaja kwa makusudi. Hesabu ikigeuka saa nzima ya kujipiga, "mimi mbaya, mimi mnafiki, mimi sifai", nafsi imerudi kuwa mazungumzo ya usiku mzima, safari hii kwa nguo za toba. Kujichukia bado ni kujitazama. Funga daftari, toa istighfari, lala. Ukitaka kusikia namna ya kuikemea nafsi bila kuivunja, msome Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate katika utenzi wake Al-Inkishafi. Anauhoji moyo wake ana kwa ana, anaulaumu, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, na wakati wote anasema nao kama mtu wake wa karibu.

Kuhusu adhabu: ipo katika njia hii, lakini iwe ndogo, iwe ya jinsi moja na kosa, na iishe siku hiyo hiyo. Umesengenya? Mtaje yule mtu kwa wema mbele ya wale wale waliokusikia. Umefanya ubahili? Toa sadaka ya kiasi cha mlo wako wa mchana. Usijiadhibu kwa kukosa usingizi wala kwa njaa ya siku kadhaa, kwa sababu kesho yake utakuwa mkali zaidi na utarudia kosa lile lile.

Narudi kwenye dharau, maana ni ugonjwa mzito kuliko yote uliyoyataja. Nafsi ikizuiwa mlango wa tumbo huhamia kwenye ibada. Inaacha kujivunia gari, inaanza kujivunia tahajudi, swala ya usiku. Inaweka stetasi saa kumi za usiku. Inahesabu nani kaja swafu ya mbele. Huu ni ujub, yaani kujiona kwa amali zako, na hauponi kwa kuongeza ibada, kwa kuwa kila rakaa inakuwa chakula chake. Unatibiwa kwa ibada iliyofichwa na kwa huduma isiyo na heshima: fagia ua wa msikiti watu wakishaondoka, safisha vyoo vya msikiti, panga viatu. Ila usiache swala ya jamaa kwa kuogopa kuonekana. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa zamani, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha.

Na kasoro zako hutaziona peke yako. Ghazali anataja njia nne za kuzijua: sheikh mwenye kuona, rafiki mkweli, ulimi wa adui, na kuchanganyika na watu ukajitazama ndani ya makosa yao. Sheikh wa kweli ni nadra, rafiki mkweli ni adimu pia. Adui hakosi. Anayekusema vibaya mjini, ondoa chumvi aliyoitia, halafu tazama kilichobaki.

Jambo moja la tahadhari. Ukiona unarudiarudia udhu au nia mpaka wakati unapita, au usingizi haurudi hata unapoutaka, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, simamisha mazoezi yote ya ziada, baki na faradhi, na uende hospitali. Huo ni ugonjwa, una dawa, na hakuna sheikh mwenye akili atakayekukataza.

Kwa wiki nne zijazo fanya hivi. Lala mapema, masaa sita yasipungue. Usiku bakisha rakaa mbili na witri tu, maana amali apendazo Mwenyezi Mungu zaidi ni zenye kudumu hata zikiwa chache. Saumu iwe siku tatu za mwezi, tarehe 13, 14 na 15 za Kiislamu. Kula nyama ikipikwa. Sharti la asubuhi liwe la ulimi, daftari la jioni dakika kumi. Wiki ya nne ikiisha, muulize mkeo kama nyumba imetulia kuliko mwezi uliopita, na akijibu, msikilize mpaka amalize bila kumkatiza. Njoo uandike hapa alichosema, tuone kama utaongeza au utabaki hapo hapo.