Shangazi, nimetoka kwa mume, sasa kaka anataka hela zangu

Barua imetoka Ujiji, Kigoma. Dada ana miaka 34, kakaa kwenye ndoa miaka 11 kule Gungu, watoto wawili, mume anampiga na kumwita mzigo, mwisho akabeba wanae akarudi kwa mama yake. Sasa anaanika dagaa Kibirizi. Mume anasema nyumba ni yake maana mke "alikuwa anakula tu", na kaka mkubwa anasema hela ya dagaa apewe yeye aitunze, asipotaka kumpa basi arudi kwa mumewe. Anauliza: "Shangazi, nirudi?"

Mwanangu, usirudi. Umetoka na wanao mkiwa wazima na huna wa kumuomba radhi kwa hilo, Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe inasema hakuna mume mwenye haki ya kumpiga mkewe. Majirani wanaosema umekimbia ndoa, wao hawakulala kwenye ile nyumba.

Ila hilo la "alikuwa anakula tu" limenichoma sana. Umeniandikia mwenyewe kwamba wakati wa kujenga ulikuwa unachota maji ya kufyatulia tofali huku mtoto yuko mgongoni, na mafundi wamekula ugali wako mpaka siku bati linapigwa, sasa hiyo ndo kula tu? Tangu mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sikuahidi nusu kwa nusu, mahakama itapima, lakini kukuambia huna chako ni uongo, na hiyo nyumba mliyokuwa mnaishi mumeo hawezi kuiuza bila ridhaa yako.

Kwahiyo anza na baraza la usuluhishi la ndoa, na kwa vile mmefunga ndoa ya Kiislamu nenda BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu, wakishindwa kuwapatanisha watakupa hati ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo, na huko ndo talaka inatolewa na mali inagawanywa. Hata mumeo akikutumia talaka ya karatasi leo usidhani mambo ya nyumba yameisha. Mtafute yule fundi aliyekula ugali wako, huyo ni shahidi. Mumeo akikufuata tena kwa fujo nenda polisi, dawati la jinsia.

Sasa kaka. Hapa nitasema ukweli hata kama mama atanuna. Changia chakula pale nyumbani, mchango ujulikane ni kiasi gani, ila mtaji usimpe. Wewe ndo unaamka alfajiri kugombania beseni maboti yakitia nanga, unageuza dagaa juani mchana kutwa, mvua ikitishia unakimbia kuzikusanya, halafu hela ishikwe na mtu ambaye hajawahi hata kunusa shombo yake! Mbalamwezi ikiwaka watu hawavui, na mwaka 2024 unakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue miezi mitatu, asiye na akiba alikuwa anakopa hadi chumvi. Weka kwenye simu yako, namba ya siri ujue wewe tu, nyingine kwenye kikoba cha wanawake wenzio hapo mwaloni.

Kaka mwambie kwa adabu, mama akiwepo: "Kaka, nakuheshimu, ila hela yangu nashika mwenyewe." Akikasirika mwache akasirike. BAKWATA nenda wiki hii hii, na cheti cha ndoa usisahau.