Jibu: The Italian Job ya 2003, nipakue au niache?

Mkuu, umeuliza kama hii muvi inastahili bando lako. Pakua. Wizi wa mwanzo kule Venice umesukwa haswa: sefu linadondoka ghorofa hadi ghorofa mpaka majini, huku wenye sefu wakifukuzia boti nyingine. Na zile Mini Cooper ziliposhuka ngazi za stesheni Los Angeles, banda zima la video hapa Mwanga, Kigoma, lilisimama.

Kisasi ndicho kimelegea. Steve, mwizi mwenzao, anamuua mzee Bridger, kiongozi wa genge, binti wa mzee anaumia kidogo, mara tumerudi kwenye utani. Edward Norton, ndiye Steve, anaigiza kama kalazimishwa (na kweli, mkataba na studio ndio uliombana).

Ila tafuta isiyotafsiriwa, maana DJ anayetafsiri anapiga kelele juu ya milio ya injini.